Kunyoosha Mguu Katika Eda

Baba alizikwa Maparoni wakati mama amelala kifudifudi chumbani kwangu Kibiti, mimi namchua nyonga kwa mafuta ya nyonyo. Hatukujua. Kule delta wanaume wamekwisha rudi toka makaburini, wamenawa mikono, wamekaa jamvini, na sisi huku tunabishana mafuta yapashwe moto au yasipashwe. Habari ilitufikia kesho yake. Ililetwa na dereva wa gari la kamba, maana miaka ile ya ruksa, biashara ilipoachiwa huru, wanunuzi wa kamba kutoka Dar walikuwa wamejaa delta nzima, na magari yao ya barafu ndiyo yaliyokuwa posta yetu. Alisimama mlangoni, kofia mkononi, akauliza kama hapa ndipo alipo mama wa Maparoni anayeumwa mguu. Nilijua kabla hajamaliza kuuliza.

Homa tu, walisema. Ilimshika baada ya Ijumaa, na Ijumaa iliyofuata hakuiona. Kwetu maiti hailazwi, na toka Maparoni mpaka Kibiti ni kungoja maji yajae, kisha mashua, kisha barabara ya masika ambayo gari likikwama ndiyo basi tena. Hakuna ambaye angethubutu kumweka marehemu amsubiri mjane mwenye mguu mbovu. Nawaelewa. Lakini mimi ni mtu wa hasira, na nikikumbuka siku ile bado zinanipanda.

Mguu wenyewe ulimwanza mama masika ya mwaka uliotangulia. Alikuwa mpandikizaji wa mpunga asiye na mfano: kutwa ameinama, mikono ndani ya tope, anarudi kinyumenyume na fungu lake la miche, na mistari yake imenyooka kuliko ya mtu mwingine yeyote. Siku moja alipojinyanyua, kitu kikamchoma katikati ya kalio la kulia, kikateremka nyuma ya paja, kikapita ubavuni mwa kigimbi mpaka kwenye kidole gumba. Alisema ni kama mtu kamwagia maji ya pilipili ndani ya mshipa. Tangu hapo mguu ukawa na siku zake. Kuna siku unamwacha anapika, anafagia, anakwenda kisimani. Kuna siku hawezi hata kuchutama msalani. Akachanjwa chale kiunoni, akafungwa kitambaa chenye dawa, akaambiwa asijisumbue, alale. Alilala, na kadiri alivyolala ndivyo mguu ulivyokuwa mzito.

Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na ulimi, basi. Masika ya pili yalipoingia, kaa walikata miche mingi, mkewe hayupo shambani kuirudishia, naye akaanza kunung'unika. Siku watu walipokuja kumsaidia kupandikiza, akasema mbele yao wote, mama yuko barazani anasikia: "Mguu wa mke wangu una akili sana. Unajua msimu kuliko bwana shamba. Ngojeni mpunga uive, mtauona unacheza ngoma."

Watu walicheka. Mama naye alicheka, ndivyo alivyonihadithia. Kisha akaingia ndani, akafunga nguo zake, akajikokota mpaka majini akapanda chombo cha watu wanaokuja Nyamisati. Hakuaga. Baba alimwona toka shambani, na hakumwita. Hiyo ndiyo mara yao ya mwisho kuonana, na walikuwa wameoana tangu mama hajaota unywele wa mvi hata mmoja.

Alipofika kwangu nilimpeleka Mchukwi, hospitali. Mama alikwenda akiwa amejiandaa kwa sindano. Alikuwa na imani kubwa na sindano, na kubwa zaidi ikiwa inauma. Tukapelekwa kwa binti mmoja wa mazoezi ya viungo, mtu wa bara, Mkristo, ana msalaba mdogo shingoni. Akampigia mama magoti na shikamoo, akamlaza kitandani, akaunyanyua mguu taratibu, akawa anauliza: inafika wapi, hapa, au hapa. Kisha akatueleza. Huu si mshipa wa kuchanjia. Ni mshipa wa fahamu, unatoka kiunoni na kupita chini ya nyama za kalio, na nyama hizo zimekaza kwa kuinama miaka yote ile, zinaubana. Zilizokaza zinyooshwe, zilizolegea zitiwe nguvu, mshipa upate nafasi ya kupumua.

Akaonyesha mwenyewe juu ya mkeka. Ulale chali, ulivute goti moja kifuani, ushike hapo mpaka pumzi itulie. Kisha uweke kifundo cha mguu unaouma juu ya goti la mwenzake, uvute paja lililo chini, mpaka usikie kalio linavutika. Kisha miguu chini, magoti juu, ubane makalio na kuinua kiuno toka mkekani, ushushe polepole. Mwisho ulale ubavu, magoti yamekunjwa, ufungue goti la juu na kulifunga bila kiuno kuyumba. "Maumivu yakipanda kurudi kiunoni, mama, hiyo ni dalili njema, hata kiuno kikiuma zaidi," alisema. "Yakishuka kwenda kidoleni, acha hapo hapo. Na ukiona ganzi mapajani kwa ndani, au mkojo unakutoka bila kujua, usingoje kesho, njoo mbio."

Mama alimtazama yule binti anavyoinua kiuno, akanigeukia taratibu. "Mwanangu, umenileta kwa tabibu au kwa kungwi?"

Nilicheka mpaka nikaona haya. Mama mwenyewe alikuwa kungwi. Nusu ya wanawake wa upande wetu wa delta walipovunja ungo ni yeye aliyewaweka ndani akawafunda, na kiuno ni katika mambo anayofundishwa mwari. Nilimweleza yule binti, naye akacheka, akasema basi mama atafaulu kuliko wagonjwa wake wote. Mama hakufaulu kitu. Tulirudi nyumbani, akaukunja mkeka tuliopewa na yule binti, akasema kutembea kote kule kumbe kufundishwa kulala, na akaagiza mafuta ya nyonyo. Ndiyo hayo niliyokuwa nikimchua siku baba anazikwa.

Eda akaikalia kwangu, maana kusafiri hakuwezi. Shangazi, dada yake baba, alikuja toka Ngorongo kukaa naye, na alikuja na sheria zake zote. Mama akavalishwa kaniki, akawekwa chumba cha nyuma, mkeka chini, mgongo ukutani. Hakuna manukato, hakuna wanja, hakuna kutoka, hakuna kucheka kwa sauti. Miezi minne na siku kumi. Na kukaa kule ndiko kulikoumaliza mguu. Kalio likiwa chini kutwa nzima, mshipa ukabanwa mpaka akawa halali, na sala anaisali juu ya kigoda kwa sababu kusujudu kumemshinda. Nilimsikia akilia kupitia ukuta na sikujua analilia kipi, mume au mguu.

Siku moja shangazi alipotoka kwenda kuoga, mama akaniambia. Kwetu, mume akifa, kabla jeneza halijanyanyuliwa, mjane huulizwa: umemsamehe mwenzio? Naye hujibu, nimemsamehe. Ni neno dogo, lakini hakuna anayetaka kupelekwa kaburini bila hilo. "Baba yako kaenda bila neno langu," alisema. "Hakuna aliyeniuliza. Na wao wote waliokuwapo wanajua niliondoka na kinyongo."

Nikamwambia amsamehe hapo hapo alipo, Mungu anasikia.

"Mungu anasikia, najua. Yeye atasikiaje? Amelala Maparoni. Nikitoka eda nitakwenda nimwambie pale alipo. Na nitakwenda kwa miguu yangu. Sitaki kubebwa kama gunia mbele ya watu waliocheka. Mkeka wa yule binti uko wapi?"

Uko wapi, anaulizia mkeka alioutupa mwenyewe nyuma ya pipa la maji. Nikaufuata.

Tulianza kwa siri, si kwa ubaya. Mume wangu akiwa nyumbani haiwezekani, mama mkwe alale chali na mkwewe yuko ukumbini. Kwa hiyo tulingoja aende sokoni kwenye genge lake la mitumba. Shangazi naye tulimngoja alale mchana. Mwanzo mama hakuweza kulifikisha goti hata karibu na kifua. Nilimshika kisigino, nikamsukuma kidogo, akauma ncha ya mtandio. Kusoma sura ili apime muda hakutaka, akasema hawezi kutamka maneno ya Mungu miguu iko juu. Akawa anapima kwa pumzi, kama tulivyoambiwa, ndani, nje, ndani, nje, na mimi napumua naye bila kujijua.

Halafu shangazi akatufuma. Aliingia mama ameinua kiuno juu, kaniki imekazwa, macho yamefungwa. Shangazi alisimama pale mlangoni, mkono kifuani. "Yarabi. Kaka yangu udongo wake haujakauka, mjane wake anakata kiuno."

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali apige. Mama alishuka chini, akajifunika, akageukia ukutani, na toka siku hiyo mkeka haukutandikwa. Angekuwa mwanamke mwingine labda ingepita, lakini kungwi, ambaye kila mtu anajua kiuno chake kimefundisha nini, maneno yangefika delta kabla yake. Niliyaona maumivu yakishuka tena, toka pajani kwenda kigimbini, toka kigimbini kwenda kidoleni, kila siku kidogo. Nilijaribu kumbembeleza shangazi. Nikajaribu kumweleza mshipa. Mwisho nikamwambia kwamba ikiwa mama atalemaa, yeye ndiye atakayembeba mgongoni mpaka Maparoni. Halikuwa neno la kumwambia shangazi, na sikuomba radhi.

Nikavaa buibui nikaenda kwa mwalimu wa madrasa, mzee mwenye adabu anayeongea na mtu huku anatazama chini. Nilimweleza yote nimeficha uso kwa haya. Akafikiri, akasema eda imekataza pambo, na imekataza mjane kutoka nje bila dharura, lakini haijakataza mgonjwa kujitibu. Hata kupelekwa hospitali angepelekwa. Wala hakuna mahali palipoandikwa kwamba mjane akae kama jiwe. Hilo tumeliongeza wenyewe. Nikamwomba aje amwambie shangazi kwa kinywa chake, maana angesema nimetunga. Alikuja alasiri, akazungumza toka nje ya pazia, shangazi anaitikia "naam, mwalimu, naam," sauti imepungua.

Shangazi hakutuomba msamaha. Kesho yake, nilipokuwa namwekea mama mkeka, aliingia akaketi miguuni pake, akaushika mguu wa mama kwa mikono miwili ili usiteleze. "Inua," akasema, uso kaugeuza pembeni. Mama akainua.

Basi wanawake watatu tukawa na kazi. Shangazi aligeuka kuwa mkali kuliko yule binti wa Mchukwi, mama akitaka kupunguza, anamwambia, "Bado, wifi, hiyo ni nusu." Naye mwenyewe kiuno kilikuwa kinamsumbua, na siku moja nilimkuta yuko peke yake chali, anavuta goti, nikarudi nyuma asinione. Kidole gumba cha mama kiliacha kuwaka kwanza. Kisha kigimbi. Maumivu yakabaki kwenye paja siku nyingi, yakapanda, yakajikusanya kiunoni, na mama akafurahi kuumwa kiuno namna ambayo sijapata kuona mtu akifurahi. Siku aliyosujudu mpaka chini, paji la uso mkekani, alikawia kuinuka, nikadhani amekwama. Alikuwa analia.

Alipotoka eda, shangazi alimwogesha, akamvika kanga mpya doti nzima, akamfukiza udi. Tukaondoka sisi wawili, mimi na mama. Tulipofika upande wa Maparoni maji yalikuwa yamekupwa, chombo kikakaa mbali, na mbele yetu ni tope mpaka juu ya vifundo vya miguu. Mabaharia walitaka kumbeba. Mama akakunja kanga, akashuka mwenyewe. Aliukita mguu wa kulia, akaung'oa, akaukita tena, mwendo wa polepole lakini haukuchechemea, na watu waliokuwa wakitengeneza nyavu ukingoni walisimamisha kazi. Nilikuwa nyuma yake. Sijawahi kumwonea mtu fahari kama vile.

Baba mdogo alitupokea. Ndiye mdogo wake baba, ndiye aliyesimamia mazishi. Alitupa maji ya kunywa, tukapeana pole, kisha akatupeleka makaburini, na njiani, kwa wema wake, akasema: "Shemeji, ujue tu kwamba mambo yote yalikwenda sawa. Usiwe na dukuduku. Hata lile neno la msamaha lilitolewa. Sheikh alipouliza, nilijibu mimi kwa niaba yako. Nikasema mjane amesamehe."

Mama alisimama. "Nani alikutuma?"

Baba mdogo akababaika. "Ningejibuje, shemeji? Jeneza linangoja kunyanyuliwa, watu wamesimama."

"Ungesema hayupo."

"Ningemfedhehesha ndugu yangu."

Nilitaka kumjibu mimi, na nilikuwa na mengi, lakini mama alinishika mkono. Tukaenda. Kaburi lilikuwa na tuta dogo na kipande cha ubao kichwani, majani yameanza kuota. Mama alichutama pembeni yake, akachutama vizuri kabisa, visigino chini, mgongo umenyooka, ambavyo asingeweza kwa mwaka na zaidi. Akang'oa majani, moja moja, akayaweka kando. Nilisogea mbali ili awe huru kusema. Nilimwona midomo inacheza kwa Fatiha, kisha ikatulia. Akakaa hivyo mpaka baba mdogo akaanza kutazama maji. Akasimama bila kushika kitu.

Kwenye chombo nilimuuliza kama amemwambia.

"Nimwambie nini? Keshaambiwa. Alizikwa keshasamehewa mbele ya watu, kwa kinywa cha ndugu yake. Mimi huku nahangaika naye miezi yote hii, kumbe yeye kalala zake." Akavuta mtandio. "Alipewa neno la uongo akaenda nalo. Mimi la kweli nimebaki nalo, na sina pa kuliweka."

Hakurudi Maparoni tena. Shamba walilima watoto wa baba mdogo. Mama alibaki kwangu, na mwanzoni nilidhani amechoka na safari. Nikitandika mkeka anasema kesho. Kisha akasema mgongo umekwisha pona, mazoezi ya nini. Haukuwa umepona, binti wa Mchukwi alikwisha tuonya kwamba nyama zikiachwa zitakaza tena. Nilimfuata, akaja mpaka nyumbani siku yake ya mapumziko, akambembeleza, mama akamkaribisha chai kwa heshima zote na hakulala mkekani. Maumivu yakarudi njia ile ile, kiunoni, kalioni, pajani. Shangazi alituma salamu toka Ngorongo kuuliza kama wifi yake bado ananyoosha, na nikatuma jibu la uongo.

Masika yaliyofuata alikuwa ameshika fimbo. Siku moja nilishindwa kuvumilia. Nilitandika mkeka kwa nguvu katikati ya chumba, nikamwambia mama, wewe si mtoto, unajua dawa yako, ulijitibu ukapita kwenye tope la kupwa watu wanakutazama, sasa unajilemaza makusudi. Lala hapo tuanze.

Hakukasirika. Aliutazama mkeka, akautazama mguu wake. "Ninyooshe niende wapi?" aliniuliza.

Nilikuwa na majibu. Sokoni, kwa majirani, harusini, uani tu kuota jua. Nilisimama pale na majibu yangu, kisha nikainama nikaukunja mkeka.